Ratili Mbili na Nusu za Bakshishi

Mliponiaga Ijumaa ile kwa keki na hotuba, mmoja wenu aliniuliza ni lalamiko gani lililokuwa gumu kuliko yote niliyopata kushughulikia, nami nikamjibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri. Mtu anayestaafu kabla nywele hazijamaliza kugeuka mvi hushinda nyumbani akitafuta kitu cha kukagua, na mume wangu amekwisha kunikataza kukagua risiti za duka. Basi nimeketi kuwaandikia. Sitasema lolote juu ya vyeo wala mishahara. Hayo yamo katika faili langu, na anayetaka kuyasoma anajua kabati lilipo. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya malalamiko kumi na manne yaliyotoka katika hoteli moja ya Kisumu, ambayo yalinifundisha kazi hii kabla sijajua kwamba ingekuwa kazi yangu.

Nilianza katika miaka ya sitini, nikiwa nimetoka chuo cha biashara Nairobi na cheti ambacho baba yangu alikitundika ukutani kwetu Gem kabla sijapata hata nafasi ya kumwonyesha mwajiri. Ilinibidi nikiombe nikipeleke kazini, kisha nikirudishe kwenye msumari wake. Hoteli ilikuwa juu kidogo ya bandari. Ofisi yetu ilikuwa chumba chembamba nyuma ya mapokezi, kilichonukia wino asubuhi na samaki kuanzia saa tano. Nilipewa meza, mashine ya kujumlisha yenye mkono wa chuma, na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Nyekundu niliambiwa nisiiguse mpaka niambiwe.

Aliyeniambia ni Bwana Kariuki, mtunza hesabu wa hoteli. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu kumsaidia kaka yake katika duka la vitambaa, akaona vitambaa vina maneno mengi, akahamia kwenye vitabu. Kijaluo alikizungumza kwa lafudhi ya kwao kiasi kwamba wahudumu walimwomba arudie sentensi zake, si kwa kutoelewa bali kwa starehe. Sijapata kumwona mtu aliyeitazama karatasi kama yeye. Aliishika kwa kingo, kama picha isiyokauka, akaipeleka dirishani, akaanza kuisoma kwa nyuma.

Siku yangu ya kwanza alinionyesha kadi ya malipo. Nyinyi mmezikuta kadi zikiwa nyingi kama vitambulisho. Mimi nilikuwa sijaiona hata moja. Mgeni mmoja alikuwa amemaliza chakula, akatoa kibamba kidogo chenye jina lake limefurishwa. Bwana Kariuki akakilaza katika mashine ya chuma, akaweka juu yake stakabadhi ya nakala tatu zenye kaboni katikati, akavuta mkono wa mashine kwenda na kurudi. Jina la yule bwana likajitokeza kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Akatia sahihi, akashukuru, akaondoka bila kutoa hata senti.

"Nakala moja ameichukua yeye," Bwana Kariuki aliniambia, "moja ni yetu, na moja itakwenda Nairobi. Kutoka Nairobi hesabu yake itavuka bahari. Mwezi ujao, huyu bwana akiwa kwake amevaa kandambili, itambishia hodi. Na atalipa."

Nilimuuliza atalipa kwa nini, naye ameshakwenda na hakuna askari atakayemfuata huko. Bwana Kariuki akasema hilo ndilo swali ambalo hata yeye hulijibu kwa kunyamaza. Mpaka leo, baada ya miaka yote hii ya stakabadhi, ninapofikiri kwamba jina lililokandamizwa kwenye kaboni hapa kwetu liliweza kumpata mwenyewe katika mji nisioujua hata kwa ramani, bado nahisi kile nilichohisi asubuhi ile, kama mtu aliyeingia kanisani bila kutarajia.

Stakabadhi ilikuwa na visanduku vitatu, kimoja chini ya kingine. Cha kwanza kilikuwa cha bei ya chakula, cha pili cha bakshishi, cha tatu cha jumla. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mguu wa sisimizi. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuchukua stakabadhi za jana, kujumlisha cha kwanza na cha pili, na kuandika cha tatu. Mwisho wa mwezi nilikusanya bakshishi zote za kadi, pesa zake zikatiwa katika bahasha, na bahasha ikapewa mhudumu mkuu awagawie wenzake. Nilijumlisha vizuri. Sikukosea hata senti, na nilijivunia jambo hilo.

Mhudumu mkuu alikuwa Mzee Okumu, mwenyeji wa upande wa Bondo, mrefu, mwenye kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, aliyekuwa ametumika pale zaidi ya miaka ishirini, chini ya mameneja saba. Ukumbi wa chakula ulikuwa wake. Sifa ya hoteli ilikuwa samaki, na desturi ya samaki ilikuwa yake pia: mgeni hakuletewa ngege, samaki wa ziwa letu, asiyemjua. Mzee Okumu alipitisha sinia la ngege wabichi mezani, mgeni akachagua wake kwa kidole, samaki akapimwa mbele yake kwenye mizani yenye uso wa saa iliyoning'inia kando ya mlango wa jikoni, kisha ndipo akaenda kupikwa. Wageni waliotoka mbali walipenda desturi hiyo kuliko hata samaki mwenyewe.

Nilipokuwa na miezi michache kazini tulipata meneja wa nane, kijana wa Kiingereza aliyetumwa kutoka Nairobi kuja kupunguza karatasi. Alizipunguza kweli. Miezi minne baadaye barua zikaanza kuja.

Ya kwanza ilitoka ofisi ya kadi ya Nairobi, ikaambatanishwa na malalamiko ya bwana mmoja wa kiwanda cha sukari. Alikuwa amekula na wenzake saba, akaacha sarafu mezani kama kawaida yake, kisha akakuta katika hesabu ya mwezi ametozwa bakshishi ya shilingi kumi na moja ambayo hakuiandika. Wiki iliyofuata zilikuja nne. Mwisho wa mwezi zilikuwa kumi na nne, zote juu ya bakshishi, zote juu ya ukumbi wetu, na ofisi ya Nairobi ikaongeza ya kwake, fupi, ikisema kwamba hoteli isiporekebisha mambo mashine ya kadi itachukuliwa.

Meneja hakusoma zaidi ya ile fupi. Aliwaita wahudumu wote ukumbini baada ya chakula cha mchana, akaniita na mimi kuwa mkalimani, maana Kiswahili chake kiliishia kwenye kuagiza chai. Akainua stakabadhi moja, akaonyesha kisanduku cha pili, akaniambia nimuulize Mzee Okumu kama yeye ndiye aliyeandika tarakimu ile.

Nikauliza. Mzee Okumu akaitazama kwa mbali, kama watu wa umri wake wanavyotazama maandishi, akasema, "Ndiyo, bwana. Ni mimi."

Meneja akataka kujua kama ni yeye pia aliyeandika kwenye nyingine.

"Zote ni mimi. Hiyo kazi siachii kijana."

Nilitafsiri neno kwa neno. Nataka mlijue hilo: nilitafsiri kwa uaminifu kamili, na kila neno lilimzika. Meneja alisema hajapata kuona mwizi mwenye kiburi namna ile. Hilo nalo nikalitafsiri, mbele ya watu kumi na mmoja ambao wengi wao walijifunza kushika sahani mikononi mwake. Hukumu ilikuwa kwamba aondoke hotelini na aihame nyumba ya wafanyakazi ifikapo Jumamosi, bila kiinua mgongo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mzee Okumu alifungua mshipi wake mwekundu, akaukunja mara nne, akauweka juu ya meza iliyokuwa karibu. Nilidhani ndivyo afanyavyo mtu aliyeshikwa.

Bwana Kariuki hakudhani hivyo. Alichukua nakala zetu za zile stakabadhi kumi na nne, akazipeleka dirishani na kioo chake cha kukuzia, akakaa nazo mpaka chai yangu na yake zikapoa. Kisha akanipa kioo.

"Tazama mkia wa sahihi ya huyu mgeni," akasema. "Umepita juu ya tarakimu au chini yake?"

Ulikuwa umepita juu. Na tarakimu yenyewe ilikuwa ya kaboni, sawasawa na sahihi, maana yake iliandikwa nakala zote tatu zikiwa pamoja. Mtu anayeongeza bakshishi kwa wizi hungoja mgeni aondoke na nakala yake, kisha huandika kwenye mbili zilizobaki. Hizi ziliandikwa kabla mgeni hajatia sahihi, na yeye akatia sahihi juu yake.

"Labda hawakutazama," nikasema.

"Wote kumi na nne? Haya. Sasa nisomee kiasi."

Nikamsomea: mbili na senti hamsini, moja na sabini na tano, tatu na ishirini na tano, kumi na moja kamili. Akainua mkono. Alikuwa ameishi na pesa maisha yake yote, akasema, na alikuwa hajaona mzungu anayempa mhudumu shilingi tatu na senti ishirini na tano. Mtu hutoa shilingi, au mbili, au tano. Hizi, ukiacha ile kumi na moja, ziliishia karibu zote kwenye robo, nusu, au robo tatu. "Hii si mikono ya mtu anayetoa zawadi, binti yangu. Lakini ni mikono ya nini, sijui." Kusikia Bwana Kariuki akisema hajui kulinitisha kuliko barua ya Nairobi.

Ijumaa baada ya kazi nilikwenda kwenye nyumba za wafanyakazi, nimeficha stakabadhi tatu kwenye mkoba. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na aibu tu, na aibu hutafuta mahali pa kwenda. Mzee Okumu alikuwa nje akifunga kitanda kwa kamba. Mkewe, Mama Auma, alikuwa amefunga vyombo kwenye shuka.

"Huyu ndiye msichana alikusomea hukumu?" akamuuliza mumewe, macho yakiwa kwangu. "Mwambie akae juu ya sufuria. Viti tumeshafunga."

Nikakaa juu ya sufuria. Mama Auma akanitazama kidogo, akaona kwamba kweli nimekaa, akaenda kuniletea uji.

Nilimwambia Mzee Okumu kwamba nimekuja kuuliza. Akasema, "Uliza, nyar Gem," kwani hivyo ndivyo alivyoniita, binti wa Gem, tangu siku ya kwanza. "Uliza pole pole. Juzi mliuliza mbio."

Sikujua pa kuanzia, nikamwomba anieleze tu habari za wageni wa kadi. Uso wake ukabadilika. Hakuna watu wazuri kama wale, akasema. Mgeni wa kawaida hula, akaacha sarafu ya soda, akasahau. Lakini mgeni wa kadi huenda kwao, ng'ambo, akakaa mwezi mzima, na huko kwao akamkumbuka samaki na aliyemletea samaki, akaiambia benki yake itume kitu. Ndiyo maana bahasha huja mwisho wa mwezi. Alikuwa amewaeleza wenzake wote jambo hilo. Walilistaajabia sana.

"Na tumewasoma tabia," akaendelea. "Mgeni akichagua samaki kubwa, hata roho yake inakuwa kubwa. Mwezi wa samaki ndogo, bahasha inakuja nyembamba. Mwezi wa samaki kubwa, bahasha inanona. Kwa hivyo nimefundisha hao vijana: sinia ikifika mezani, zungusha, ile kubwa ikae mbele ya macho ya mgeni."

Niliweka uji chini. Nilitoa stakabadhi moja, nikaweka kidole kwenye kisanduku cha pili, nikamuuliza tarakimu ile ni ya nani.

"Ya nani namna gani?"

"Hii, Mzee. Mbili, nukta, hamsini. Ni ya nani?"

Akaisogeza mbali na macho yake, akaisoma, akanitazama kama ninayemfanyia mzaha. "Hiyo si ya mtu," akasema. "Hiyo ni ya samaki. Ratili mbili na nusu."

Mama Auma aliacha kufunga. "Na juzi hukusema?"

"Waliuliza nani ameandika. Nikasema mimi. Hakuna mtu aliuliza ni nini."

Kisha akanieleza, na nilisikiliza kama anayeonyeshwa chumba katika nyumba ambayo amelala miezi. Zamani hoteli ilikuwa na hati zake zenyewe, na hati ile ilikuwa na mahali pa uzito wa samaki. Mgeni alitia sahihi pale pale penye mizani, kabla samaki hajaparwa, kwa sababu ngege akishaparwa kwa ajili yako hakuna mgeni mwingine atakayemtaka. Mpishi naye hakuruhusiwa kupokea samaki asiye na uzito na sahihi, asije akambadilisha kwa mdogo. Hata ile robo kuandikwa ishirini na tano, na nusu hamsini, ilikuwa amri ya mtunza hesabu wa kale, ili bei ikokotolewe upesi. Meneja mpya alipofika akafuta hati zile kwa wageni wa kadi, na bei ya samaki wao ikawa moja, mkubwa kwa mdogo. Karatasi moja inatosha, alisema. Basi Mzee Okumu akawa anapeleka stakabadhi ya kadi kwenye mizani. Alikuta kisanduku kitupu katikati. Akaandika uzito. Mgeni akaona uzito wa samaki wake, akatia sahihi kwa furaha. Ofisi iliachiwa bei na kisanduku cha tatu.

Niliachiwa mimi. Nilipokuwa juu ya sufuria ile ndipo nilipoelewa ni nani aliyegeuza samaki kuwa pesa. Mzee Okumu aliandika ratili. Mimi, kila asubuhi kwa miezi minne, kwa kalamu nyeusi na bila kukosea hata senti, niliziongeza kwenye bei ya chakula.

Niliacha uji wangu. Nilimkuta Bwana Kariuki akifunga ofisi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alikaa chini. Alicheka kwa muda mfupi sana, kisha akaacha, akasema kwamba meneja hataamini. Atasema ni hadithi iliyotungwa kwa siku mbili. Nikasema mpishi ni shahidi. Akasema mpishi ni rafiki. Tulihitaji kitu ambacho rafiki hawezi kukitunga.

Kitu hicho alikuwa nacho Mzee Okumu mwenyewe, na hakuna aliyejua, pengine hata yeye.

Jumamosi asubuhi tulisimama mbele ya meneja, mimi, Bwana Kariuki, na Mzee Okumu aliyevaa shati la nyumbani. Nikaeleza. Meneja akasema alichosema Bwana Kariuki kwamba angesema. Ndipo Bwana Kariuki akapendekeza jambo rahisi: stakabadhi zilikuwa zimefungiwa kwenye kasha tangu Alhamisi, na Mzee Okumu hakupata kuziona isipokuwa zile tatu nilizotoka nazo. Tuziondoe hizo tatu. Mimi nifunike kisanduku cha pili kwa kidole gumba, nisome jina tu, naye aseme samaki wa mtu huyo alikuwa na uzito gani.

Meneja akatazama saa, akakubali.

Nikasoma jina la kwanza, tayari kumtafsiria meneja jibu. Mzee Okumu akafumba macho. "Huyo alikuja na bibi ana kofia ya majani. Siku ya ile mvua ya mawe. Ngege moja kwa watu wawili, walikuwa wanapendana. Ratili tatu na robo."

Nikaondoa kidole. Tatu, nukta, ishirini na tano.

Jina la pili: mtu wa reli, aliyeomba kichwa kikatwe kwa sababu samaki alikuwa anamwangalia. Moja na robo tatu. Nikaondoa kidole. Jina la tatu, la nne. Alisema uzito, nami nikafunua, na meneja akainamia meza. Ilipofika ya sita meneja alikuwa ameacha kutazama saa na anafunika kisanduku kwa mkono wake mwenyewe, kana kwamba kidole changu kingeweza kumsaidia Mzee. Samaki wa miezi minne, mamia kwa mamia, waliopita kwenye mizani na kuliwa na kusahauliwa na waliowala, walikuwa wote wamelala kwa utaratibu ndani ya kichwa cha mtu ambaye tulikuwa tumemwita mwizi kwa sababu hakujua kisanduku kinaitwaje kwa Kiingereza.

Ya tisa tu ndiyo iliyopishana. Mzee alisema mbili na robo. Chini ya mkono wa meneja, mimi nilisoma mbili na robo tatu. Meneja akashusha pumzi. Mzee Okumu hakufumbua macho. "Mbili na robo," akarudia. "Alitaka ile nyingine, nikamwambia haina mafuta."

Bwana Kariuki akatoa kioo, akaenda dirishani. Kaboni ilikuwa imechoka. Ilikuwa ishirini na tano. Sabini na tano niliisoma mimi, siku ile na asubuhi ile, na kujumlisha niliijumlisha hivyo hivyo. Basi nilikuwa nimekosea hata senti, tena hamsini.

Niliweka kalamu yangu nyeusi mezani, nikamwambia meneja kwamba hesabu zile ni zangu, na kwamba kama kuna mtu wa kuondoka siku ile si yule mzee. Meneja aliniuliza nani aliniamuru kujumlisha kitu nisichokijua. Nikasema ndiyo kazi niliyopewa. Akamtazama Bwana Kariuki, Bwana Kariuki akatazama kabati lenye zile hati zilizofutwa. Mwishowe meneja akasema wageni watarudishiwa pesa na hoteli, wahudumu hawatakatwa chochote, hati za uzito zitarudi, na kila mtu aende kazini.

Mzee Okumu hakwenda. Aliniomba nimtafsirie. Alisema aliitwa mwizi ukumbini, mbele ya watu kumi na mmoja, kwa sauti ya nyar Gem. Basi neno hilo likaondolewe ukumbini, mbele ya wale wale, kwa sauti ile ile.

Baada ya chakula cha mchana nilisimama mahali nilipokuwa nimesimama Jumatano. Niliyasema kwa Kiswahili, kisha nikayarudia kwa Kijaluo ili pasibaki ufa. Nilisema tarakimu zilikuwa za samaki, aliyezigeuza kuwa pesa ni mimi, na Mzee Okumu hakuchukua kitu cha mtu. Meneja alikuwa kando yangu, na sikuwa na la kumtafsiria, kwa sababu hakusema kitu. Lakini mshipi mwekundu alikuwa ameuleta yeye, mkononi.

Miaka ya sabini mnaijua kwa masimulizi. Ofisi ya kadi ilifungua dawati Kisumu, ikanichukua, na malalamiko ya kutoka Kisii hadi Port Victoria yakawa yangu. Wezi wa kweli niliwakuta, wala sitaki mdhani kila kosa lina samaki ndani yake. Mwenye mkahawa mmoja aliongeza moja mbele ya kila tano, na nilimkamata kwa sababu moja zake zote ziling'aa kwa wino wakati tano zilikuwa za kaboni. Jifunzeni kutazama nakala ya mgeni kwanza, na kupapasa nyuma ya karatasi kwa ncha ya kidole; kalamu iliyoandika peke yake huacha kovu tofauti. Lakini sikupata kumjibu mlalamikaji yeyote kabla sijakwenda kusimama mahali karatasi ilipoandikiwa, nikauliza kwanza kitu hiki ni nini, ndipo nikauliza ni cha nani. Wakubwa walilalamikia nauli zangu. Zimo kwenye faili pia.

Mambo ya zile barua kumi na nne, hata hivyo, hayakuishia ukumbini. Jumatatu baada ya Jumamosi ile nilipewa kazi ya kuwajibu wageni mmoja mmoja, na mchana Mzee Okumu akaja ofisini. Alisimama karibu na mlango, mshipi kiunoni. Alikuwa amefikiri siku mbili, akasema, na kuna swali.

"Hiyo bahasha ya kila mwezi. Ilikuwa ratili za samaki tu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa hivyo hao watu, wakifika kwao, hakuna alitukumbuka."

Nilikuwa nimemrudishia kazi, nyumba na jina, na wakati huo huo nilikuwa nimemnyang'anya kitu ambacho sikujua kwamba anacho. Kwa kukosa la kufanya, nikainama juu ya barua nilizopaswa kuzijibu. Hakuna aliyekuwa amezisoma zote mpaka mwisho, zilihesabiwa tu. Nilizisoma moja baada ya nyingine, naye akingoja, na nilipofika ya kumi na mbili niliirudia mara mbili kabla sijathubutu kuitafsiri.

Ilitoka kwa mama mmoja aliyekula kwetu peke yake. Alilalamika kwamba katika hesabu yake ameandikiwa bakshishi ya senti sabini na tano. Hakukumbuka kuiandika, alisema, ila kama aliiandika basi anaona haya, kwa sababu mzee aliyemhudumia alimwona anakohoa, akamletea maji ya moto na limau bila kuombwa, akamtolea miiba ya samaki. Aliomba hoteli isahihishe kosa hilo, imtoze shilingi tano, na apewe yule mzee.

Mzee Okumu akaniomba nirudie sehemu ya maji ya moto. Nikarudia.

"Barua imetoka wapi?"

Nikamtajia mji. Ulikuwa ng'ambo, mbali.

"Ameandika akiwa kwao?"

"Akiwa kwao, Mzee."

Alinyoosha mkono, akaipokea ile barua, akaisogeza mbali na macho mpaka mkono ukaisha. Aliitazama kwa muda mrefu, ingawa haikuwa katika lugha aliyoisoma. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, akarekebisha mshipi, akaenda zake ukumbini kuwaambia wenzake kwamba yuko mmoja.